Kushuka Ruvuma na Mianzi ya Mjomba

Niliondoka Mtwara mjini kwa sababu mjomba wangu alikataa kuzungumza kwenye simu. Simu anayo, na chaji haimpungukii, maana ana kipande cha sola juu ya paa lake. Alichokataa ni kulizungumza jambo letu kwenye simu. Dada yangu Zainabu alikuwa ameletewa posa ya bintiye, Mwanahawa, na watu wema wa Mikindani, na barua yao ilikuwa imelala kabatini mwezi mzima bila kujibiwa. Kwetu Wamakonde binti haolewi mpaka mjomba aseme neno. Mjomba wa Mwanahawa ni mimi, lakini juu yangu yupo mjomba Selemani, kaka wa marehemu mama yetu, na mdogo hajibu barua wakati mkubwa yu hai.

Shida ni kwamba mjomba Selemani hakuwa amekanyaga nyumbani kwetu Chuno kwa miaka mitatu, tangu siku aliyokuja kumzika mama akakuta tumeshazika. Alisimama uani, watu wakiwa wanakula, akauliza, "Yuko wapi?" Nikamjibu kwamba shehe alisema maiti hacheleweshwi. Akageuka, akaondoka bila kunywa hata maji.

Nilipompigia safari hii, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mianzi yangu inashuka Jumatano. Ukitaka neno langu, njoo ulifuate majini." Akakata simu.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa mizigo karibu na Bandari. Kila siku nasafirisha mali za watu kwa makaratasi, na mwenyewe siendi popote. Niliomba likizo ya juma moja. Mkuu wangu aliponiuliza naenda wapi, nikamwambia nakwenda kushuka Ruvuma kwa chelezo cha mianzi. Alicheka, akidhani namtania.

Jumanne asubuhi nilipanda basi la Tandahimba. Mikorosho ilikuwa inaanza kutoa maua, na kila tuliposimama harufu yake iliingia madirishani, nzito na tamu kidogo. Zainabu alinifungia ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, na mfuko wa chumvi kwa ajili ya mjomba. "Mwambie chumvi imetoka kwangu," alisema. Kisha, kana kwamba amejuta: "La, usimwambie. Mwambie tu chumvi." Dada yangu alikuwa bado na hasira na mjomba. Mtu kuondoka msibani bila kunywa maji ni jambo ambalo wanawake hawalisahau.

Kutoka Tandahimba nilichukua pikipiki hadi ukingo wa uwanda. Hapo ardhi inakatika ghafla. Juu ni mikorosho na mashamba ya muhogo; chini, mbali sana, bonde la Ruvuma limetandazwa, na mto wenyewe kwa mbali hauonekani kama mto, bali kama mikanda ya mchanga mweupe yenye maji kidogo katikati. Niliogopa kwamba nimechelewa msimu. Mwenye pikipiki alinicheka. "Maji yapo. Kutoka huku juu, kila kitu kinaonekana kidogo." Tukaanza kuteremka. Kwenye mikunjo ya mteremko, panapotoka chemchemi, nikaona vichaka vya mianzi, na vingine vilikuwa vimekatwa juzijuzi.

Alasiri nilimkuta mjomba mtoni, maji yakiwa yamemfika magotini. Ni mfupi, mwembamba, ana umri wa miaka sitini na kitu, na shingo imekakamaa kwa kubeba. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akajibu, "Marahaba," bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Shika hapo."

Nikashika. Hivyo ndivyo nilivyopokewa.

Chelezo si chombo chenye mzigo. Mzigo wenyewe ndio chombo. Mianzi hufungwa mafungu kwa kamba za magome ya miti, mafungu yakapangwa tabaka mbili, na juu yake hupitishwa miti mitatu ya kukingama inayoyashika yote pamoja. Nyuma, juu ya udongo uliotandazwa, huwekwa mafiga matatu ya kupikia. Kule mdomoni mwa mto wavuvi hutaka mianzi kwa madema na kwa nyua za kunasia samaki, na wajenzi huitaka kwa mapaa. Kikifika, chelezo hufunguliwa, kinaondoka vipande vipande mabegani mwa watu, na mwenye nacho anarudi kwa miguu au kwa gari.

Mjomba alikuwa na mwenzake, Rajabu, Mmakua wa rika langu, mtu wa vitendo zaidi kuliko maneno, ambaye hukaa mbele na kusoma maji. Jioni ile, tulipokuwa tunakula ugali wa muhogo, nilianza kuitaja posa. Mjomba akaninyooshea bakuli la mboga. "Kula," alisema. "Nto hauko hapa." Mjomba husema "nto" badala ya mto, na sauti yake kwa neno hilo huteremka kidogo.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka. Kwa kuwa mto ndio mpaka wa nchi, mjomba alikuwa amebeba barua ya ofisi ya kijiji ndani ya mfuko wa plastiki, na tangu mwanzo alinionyesha mkono wa kushoto. "Huu ndio ukingo wetu. Ule hatuugusi, hata kwa kuchuma ukwaju." Nilipewa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, nikawekwa nyuma kulia. Mwendo wetu ulikuwa wa mtu anayetembea bila haraka. Kwa saa nzima ya kwanza niliusukuma mto kama ninayegombana nao, hadi viganja vikaanza kuchubuka. Rajabu akageuka mara moja tu: "Athumani, usisukume maji. Sukuma chini."

Nilipojifunza kugusa chini, ndipo nikapata nafasi ya kutazama. Upande wa kushoto, uwanda wa Makonde ulisimama kama ukuta wa kijani, na kila tulipozunguka kona ulihama: mara uko mbele yetu, mara uko nyuma. Ndege wadogo wekundu wanaokula nyuki walikuwa wametoboa kingo za udongo mamia kwa mamia, na tulipopita walitoka wote pamoja, wakatanda juu yetu, wakarudi. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na mahali penye mchanga wa juu yalipungua hadi nikaona vivuli vya samaki vikikimbia mbele yetu. Viboko tuliwapita kwa mbali. Rajabu aliwaona kabla yangu kila mara, naye aligonga mwanzi kwa fimbo, ko, ko, ko, ili wajue tunapita. "Kiboko hachukii mtu," mjomba alisema. "Anachukia kushtuliwa."

Zaidi ya hayo, maneno yake yalikuwa ya kazi tu. Nilijaribu mara mbili kulitaja jambo lililonileta. Mara ya kwanza alijifanya hasikii. Mara ya pili alisema, "Mama yako alikuwa akikaa hapo ulipokaa." Sikuwahi kujua kwamba mama aliwahi kupanda chelezo. Nilimjua mama wa Chuno, mwenye genge la mihogo na nazi, anayeogopa hata dimbwi la mvua barabarani. Nikauliza, "Mama? Alishuka mto huu?" Mjomba akasema, "Misimu minne. Baba yetu alipougua macho, tulishuka mimi na yeye. Yeye ndiye aliyesoma maji." Jua lilipoanza kuinama tukafunga chelezo kwenye ufuko, tukalala mapema kama kuku.

Alhamisi, kitu kama saa nne, ndipo lilipotufika jambo. Mto ulikuwa umejigawa matawi matatu, na Rajabu akachagua la katikati. Maji yakaenda kasi ghafla, yakatusogeza kwenye mti mkubwa uliozama, ambao tawi lake moja tu lilionekana, likitetemeka kwenye mkondo. Rajabu akapiga kelele, "Kulia! Kulia!" Nikatia upondo, ukazama kwenye shimo lisilo na chini. Chelezo kikagonga. Nilisikia kamba zikikatika, sauti kama ya nguo inayochanwa, na lile fungu nililosimama juu yake likaachana na mengine.

Sikuanguka. Nilipiga magoti, nikakumbatia mianzi kwa mikono miwili, na nikaona chelezo na watu wawili juu yake wakibaki wamenasa kwenye mti, nami nikienda. Fungu lilikuwa jembamba, likizama kila nilipotikisika, maji yakanifika kiunoni. Nilielea kuelekea ukingo wa pili, ule ambao hatuugusi, na chini ya ukingo ule mchanga ulikuwa na alama ndefu za matumbo ya mamba. Nataka niseme kweli: sikumwita Mungu kwanza. Nilimwita mjomba.

Alikuwa ameshajitupa majini. Alikuja akiogelea kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kamba ambayo Rajabu alikuwa akiiachia kidogokidogo kutoka kwenye chelezo. Sikuwa nimewahi kumwona mzee akiogelea hivyo, kichwa juu, macho wazi, akinitazama mimi tu. Akalifikia fungu, akapitisha kamba, akafunga fundo kwa vidole na meno, akasema, "Usisimame. Ukisimama nakupiga." Rajabu alituvuta wote wawili, taratibu, kinyume cha maji, hadi mianzi ikagusana.

Tulikinasua chelezo na kukifikisha kwenye kisiwa cha mchanga, tukatumia mchana uliobaki kukifunga upya. Mjomba alifanya kazi akinipa mgongo. Nilimwambia asante. Alikaza fundo jingine. Nikasema tena, "Mjomba, asante." Akageuka, kamba bado mkononi.

"Wewe ningekupoteza hapa," alisema, "ningemwambia nini Somoe? Eh? Mama yako ningemwambia nini? Ningesimama wapi nimwambie? Kaburi lake silijui lilipo."

Rajabu aliinuka akaenda kutafuta kuni ambazo hatukuzihitaji.

Siku ile, ya pili tangu tuondoke, nililimeza jibu. Maneno yalikuwepo mdomoni. Lakini mtu aliyezoea kuficha jambo kwa miaka mitatu halitoi kwa mara moja. Kwanza hujiuliza kama kweli linahitajika.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, mto ulibadilika. Kingo zilishuka, mikoko ya kwanza ikatokea, mizizi yake imechuchumaa kwenye tope, na hewa ikawa na chumvi. Rajabu alichovya kidole, akaonja, akatema. Mara chelezo kikapunguza mwendo, kikasimama, kisha, bila mtu yeyote kusukuma, kikaanza kurudi tulikotoka. Ni bahari iliyokuwa inajaa na kuusukuma mto nyuma. Mjomba akatufungia kwenye mkoko. "Tunangoja maji yapwe," alisema. "Hapa hata mwenye nguvu hana kazi."

Nikajua kwamba sitapata mahali pengine. Mbele yetu, baada ya kupwa, kulikuwa na watu, wanunuzi, kelele, na gari la kurudi. Nikasema, "Mjomba, ile siku ya mazishi nilikudanganya."

Hakunitazama. Nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeanza tena. Nikamwambia kwamba mama alifariki alfajiri. Nikamwambia kwamba jirani mmoja wa mjomba kule kijijini alinipigia saa tatu kusema mjomba ameshaondoka, njia ina tope, lakini atafika alasiri. Nikamwambia kwamba shehe mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Tumngoje kaka yake? Alasiri si mbali." Na mimi, mwanawe wa kiume, ndiye niliyesema hapana, tuzike baada ya adhuhuri.

"Kwa nini?" aliuliza Rajabu, kisha akajishika mdomo.

"Niliogopa ungesema akazikwe kijijini, kwa mama zake," nikamwambia mjomba. "Na ungesema hivyo, nisingekuwa na la kujibu. Nilitaka awe karibu nami. Nilitaka niweze kwenda kaburini kila Ijumaa."

Mjomba akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mianzi, akashuka kwenye tope na kupita kati ya mikoko hadi kwenye kipande cha mchanga mkavu. Alikwenda mbali hadi tukaona mgongo tu. Alikaa huko. Jua lilipanda, kaa wadogo walitoka wakaingia, na maji yaliyojaa yakasimama, yakatulia kabisa, halafu majani yaliyoelea karibu nasi yakaanza kusogea upande wa bahari. Rajabu akayaangalia, akanitazama. "Yakitupita haya, tutalala hapa," alisema. "Mwite." Nikasema siwezi. "Basi tutalala," akasema Rajabu, akajinyoosha, akafumba macho.

Mjomba alirudi kwa muda wake. Aliosha miguu, akavaa shati, akafungua kamba, na chelezo kikashika mkondo. Alipochukua upondo wake ndipo alisema:

"Nisimulie."

"Nini, mjomba?"

"Yote. Nani alimwosha. Sanda nani alinunua. Nani alishika jeneza mbele. Aliingizwa na nani. Usiruke."

Nikamsimulia. Ilinichukua njia nzima ya mwisho, kati ya mikoko inayopanuka, huku ndege wa baharini weupe wakianza kutuzunguka. Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: mama alikuwa amekonda kiasi gani, mkono wake wa kushoto uliovunjika utotoni kama waliunyoosha vizuri, udongo wa pale ni mwekundu au wa mchanga. Nilipomaliza, bahari ilikuwa mbele yetu, pana na ya kijivu, na kwenye ufuko wavuvi walikuwa wakipunga mikono.

"Ningedai," mjomba alisema. "Ningefika, ningemchukua. Hukukosea kuniogopa." Akasukuma mara mbili, tatu. "Ulikosea kuninyima. Zainabu anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia leo."

Saa kumi jioni tulifungua chelezo. Kwa muda usiozidi saa moja kitu kilichotubeba siku tatu kiliondoka mabegani mwa watu, na sisi tukabaki tumesimama kwenye mchanga na sufuria, pondo na mfuko wa chumvi. Rajabu alikuwa na ndugu zake pale pwani, akabaki. Aliponipa mkono aliniambia, "Sasa unajua kusukuma." Sikujua kama anazungumzia upondo, nami sikuuliza. Mimi na mjomba tukapata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa inarudi mjini na samaki, tukaingia Chuno jua likiwa linazama.

Zainabu alikuwa uani akisonga ugali. Alimwona mjomba, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaja kumshika mikono, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Nikamwambia palepale, tukiwa tumesimama, kabla sijavua viatu. Nilisema kwa maneno machache kuliko nilivyosema mtoni. Alinisikiliza. Kisha akasema polepole, "Miaka mitatu nimemkasirikia mjomba wangu kwa sababu yako." Akageukia jiko. Kwa siku nne hakuniita kwa jina, na mpaka leo, akinitania, kuna mahali anasimama hafiki. Hiyo ni haki yake. Maji aliyateka mwenyewe kwenye mtungi, akampelekea mjomba kwa mikono miwili, naye akayanywa yote.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Mtawanya, makaburini. Nilimwonyesha kaburi. Mjomba alichuchumaa, akachota udongo, akausugua kwa vidole. "Wa mchanga," alisema. Aling'oa majani yote, hata yale ya kaburi la jirani, akasoma Fatiha, kisha akazungumza na dada yake kwa Kimakonde, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama watu wanaozungumza kupitia ua. Nilielewa nusu. Alimpa habari za mto: maji yalivyokuwa, mti uliozama kwenye tawi la katikati, na jinsi mwanawe alivyotaka kwenda Msumbiji juu ya fungu moja la mianzi. Hapo akacheka, nami nikacheka, kisha akainama akalia.

Sikulitaja tena jambo la posa. Tuliporudi nyumbani, mjomba alimwomba Zainabu mkeka. Akautandika barazani, akakaa. Zainabu akauliza kama anaumwa. "Naomboleza," mjomba akajibu. "Siku tatu zangu sijakaa." Mtaani kwetu habari hazihitaji simu. Adhuhuri walianza kuja, kwanza majirani, halafu wanawake waliokuwa wakinunua mihogo kwa mama, halafu shehe mwenyewe, aliyenitazama mara moja tu. Kila mmoja alishika mkono wa mjomba na kumwambia, "Pole, mzee. Pole kwa dada yako." Naye aliwajibu kila mmoja, "Nimeshapoa," huku macho yake yakisema bado. Nilikaa karibu naye kwenye mkeka siku zote tatu. Nilikuwa nimezipokea pole zile zote peke yangu miaka mitatu nyuma, na sikuwa nimejua kwamba nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Jumatatu jioni aliukunja mkeka, akamwita Mwanahawa, akamkalisha mbele yake.

"Huyu mtu wa Mikindani," alisema, "wewe mwenyewe unamtaka?"

Mwanahawa akatazama chini, akasema ndiyo.

"Basi kaka yake mkubwa aje. Na aje na mjomba wake," akasema mjomba. Akanigeukia. "Na wewe, Athumani, utawapokea. Mimi nitakaa pembeni nisikilize."